Silinda ya Nne Haishibi

Machi 3

Daftari hili nimelinunua Chanika kwa ajili ya ugonjwa wa gari. Mtoto akiugua ana kadi ya kliniki, na gari yangu inaugua, basi nayo iwe na kadi. Mimi ni Kasmiri Semboja, fundi na dereva, darasa la nne la zamani, siyo la hawa wanaomaliza la saba na jina la baba yao limewashinda kuandika. Kati ya Mkata na Korogwe hakuna fundi wa kunizidi. Wengi wao wamekufa, na mmoja aliyebaki simhesabu.

Ugonjwa ni huu. Pikapu ikiwa ya baridi na nimevuta choki, inawaka vizuri. Ikishapata moto na choki nimerudisha, inaanza kumisi, inakatakata kama inataka kuzimika. Ikisimama inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikikanyaga mafuta inatulia, nikiachia inarudia. Juzi mvua imeanza. Nadhani ni maji kwenye waya za plagi.

Machi 4

Nimefuta waya zote kwa kitambaa kikavu. Bado.

Machi 5

Niandike na kazi yenyewe, maana ugonjwa bila kazi hauna maana. Nabeba maziwa ya kikundi cha akina mama wafugaji, maboma yaliyo ndani ya Mkata. Natoka hapa Chanika alfajiri. Boma la kwanza ni la Nasinkoi, mjane, la mbali kuliko yote. Yeye ndiye wa kwanza kupakia, halafu narudi kuelekea lami nikiokota keni za wenzake. Keni kumi na mbili. Kisha Segera, kisha Korogwe, kwenye kituo chenye tangi la baridi. Sharti nifike saa mbili. Yakichelewa sana njiani yanaharibika.

Katibu wao ni Siamanta, mama mwenye miwani na sauti. Amenipa karatasi ya saa. Kila siku naandika saa niliyofika, Jumamosi namkabidhi. Amesema gari ikizidi kuchelewa watatafuta nyingine. Nikamwambia, "Mama, mimi nimeendesha trekta za mkonge kabla mama yako hajaolewa." Akasema, "Sawa mzee, lakini andika saa."

Machi 7

Mvua. Tope mpaka kwenye ekseli. Nimefika saa mbili na robo. Nimeandika saa mbili. Robo saa siyo kitu.

Machi 9

Saa mbili na dakika arobaini. Mlima wa kabla ya Segera nilipanda kwa gia ya kwanza, mabasi yananipigia honi kana kwamba nimewaibia barabara. Kwenye karatasi nimeandika saa mbili. Wale akina mama hawaelewi mambo ya injini, ukiwaandikia mbili na arobaini watadhani nimelala.

Machi 12

Leo nimefanya kazi ya kifundi. Nimewasha injini, nikang'oa waya za plagi moja moja. Ya kwanza nikiing'oa, injini inazidi kuyumba, maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Ya nne nikaing'oa, hakuna tofauti. Kumbe ya nne imelala siku zote!

Nikafungua plagi na kuzipanga juu ya bati. Plagi nzima huwa na rangi ya tofali. Hizi tatu za mwanzo zina weusi kidogo. Ya nne nyeupe, kama imepakwa chokaa. Mke wangu Raheli akapita na ndoo, akauliza, "Baba Grace, mbona moja haifanani na wenzake?" Nikamwambia plagi ni mbovu. Kesho nanunua mpya.

Machi 13

Plagi mpya. Bado.

Machi 15

Leo maziwa ya Nasinkoi yamekataliwa. Mpimaji pale kituoni ni Erasto, kijana mpole wa kutoka Bumbuli. Anachota kidogo, anatia spiriti kwenye kikombe cha kioo, anatikisa. Yakiganda vipande vipande, hayaingii tangini. Keni kumi na moja zikapita. Ya Nasinkoi ikaganda.

"Mzee, haya yamechoka," akasema.

Nilimrudishia Nasinkoi keni yake. Nikamwambia, "Mama, vyombo vyako osha." Alinitazama. "Mzee, kibuyu nimekifukiza leo leo kwa mkaa wa mti. Nukia." Kweli kilinukia moshi mzuri. Lakini mimi siyo mpimaji.

Leo nilifika saa tatu kasoro kumi. Nimeandika mbili.

Machi 18

Nimepata jibu. Rangi nyeupe maana yake mafuta ni haba. Basi nikafungua kabureta, nikachukua sindano ya Raheli ya kushonea, nikapanua jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli. Sasa petroli itapita ya kutosha. Fundi wa vyuo angekuandikia orodha ya vipuri, mimi nimemaliza kwa sindano.

Machi 19

Inatoa moshi mweusi. Inanuka petroli mpaka nguo za Raheli kwenye kamba. Bado inamisi. Sindano imevunjika ncha, ameniuliza, nikatoka nje.

Machi 22

Ya Nasinkoi imekataliwa tena. Mara ya pili.

Machi 25

Plagi mpya nyingine kwenye ya nne. Zile tatu sasa ni masizi matupu. Ya nne ni chokaa. Nimelaani petroli ya barabarani, maana siku hizi wanachanganya. Nimejaza kwingine. Vilevile.

Machi 27

Mara ya tatu. Nasinkoi alisimama mlangoni pa gari mvua inamnyeshea. Alipokea keni yake akawamwagia ndama.

Machi 30

Leo niandike marefu.

Akina mama walifanya kikao bomani kwa Siamanta, nikaitwa kama shahidi. Niliwasalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," wakaitika wote, "Iko." Nikapewa kigoda na chai ya maziwa. Nasinkoi alikaa upande wa pili na mtoto mgongoni.

Siamanta akafungua jalada lake, akasema, "Wenzangu, kituo kimetuonya. Tukipeleka mabovu tena wanatufuta wote. Mimi siongei kwa chuki, naongea kwa karatasi. Karatasi za mzee hizi hapa. Kila siku gari imefika saa mbili. Kila siku. Keni kumi na moja nzima, moja mbovu. Gari moja, barabara moja, saa moja. Kwa hiyo ubaya hautoki njiani. Unatoka bomani."

Mama mmoja akasema kwa sauti, "Anachanganya ya jana jioni na ya asubuhi. Ng'ombe wanne watajaza vipi keni?"

Nasinkoi akasimama. "Ng'ombe wangu ni sita, si wanne. Ya jioni wanakunywa watoto. Nikamue ya jioni niwape nyinyi, watoto wangu wanywe nini, mvua?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye unayeyabeba. Sema. Gari inafika saa mbili?"

Wote wakanitazama. Mimi nimesimama mbele ya mameneja wa kizungu nikawajibu. Nimesimama mbele ya hakimu wa Handeni kesi ya ng'ombe nikashinda. Leo nikasema, "Karatasi mnayo."

Wakamtoa kwenye kikundi mpaka masika iishe. Nilimaliza chai yangu.

Aprili 1

Nimepakia keni kumi na moja. Njia imekuwa fupi, boma la mbali siendi tena. Gari inatoa moshi.

Aprili 2

Mvua kutwa.

Aprili 4

Nilimwona Nasinkoi kando ya lami pale Mkata, mabasi yanaposimama. Amejaza maziwa kwenye chupa za soda, anawanyanyulia abiria madirishani. Wauza mahindi wanamsukuma. Mtoto yuko mgongoni chini ya mfuko wa nailoni. Alinisalimia, "Shikamoo mzee." Nikaitika nikiwa naendelea kwenda. Nilijiambia siwezi kusimama, injini ikizimika haiwaki.

Aprili 8

Raheli anasema nampigia kelele siku hizi. Nikamwambia yeye ndiye anayenong'ona.

Aprili 11

Sasa boma la kwanza kupakia ni la Siamanta mwenyewe. Leo Erasto amepima keni yake, ikaganda.

Nilimrudishia bomani. Akaitazama, akatazama huku na huku, akanisogelea dirishani. "Mzee, hii tuimalize mimi na wewe. Usiwaambie wenzangu."

"Umechanganya ya jana?" nikamuuliza.

"Mungu anisamehe, sijachanganya! Nimekamua mwenyewe alfajiri."

Nimeendesha kurudi Chanika na sentensi hiyo. Nasinkoi naye alisema hivyo hivyo. Wa kwanza kupakia ndiye anayeharibikiwa, kwa sababu yake yamekaa garini kuliko ya wote. Gari ikiwahi, hayana neno. Gari ikichelewa saa nzima, ya kwanza ndiyo yanayoganda. Nimelitazama jambo hili kwa kila upande kama mtu anayetafuta nati iliyoanguka chini ya injini. Halina upande mwingine.

Aprili 12

Sikulala vizuri. Raheli nimemwambia ni mgongo.

Aprili 14

Ya leo ni ndefu kuliko zote, na mkono umechoka, lakini naandika.

Gari imezimika mlangoni pa kituo cha Korogwe baada ya kushusha maziwa. Katakata. Nimepiga stata mpaka betri ikalia. Erasto akatoka na koti lake jeupe. "Mzee, nyumba ya tatu kutoka hapa anakaa baba mkwe wangu. Zamani alikuwa fundi wa mashamba ya mkonge. Fabiani."

Fabiani ndiye yule nisiyemhesabu. Tulifanya kazi karakana moja miaka kumi na moja. Siku moja alimwambia meneja mbele ya watu kwamba kichwa cha injini ya trekta kimeungua kwa sababu Kasmiri anakaza boliti kwa hasira badala ya kwa spana. Tangu siku hiyo sikumsalimia. Miaka kumi na tisa.

Nilisimama jua likanipata, kisha nikaenda.

Amekaa barazani, fimbo mapajani. Sukari imemchukua macho yote mawili. Sikujua.

"Nani huyo anakohoa hapo langoni?"

"Mimi."

"Mimi ndiye nani? Kasmiri? Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

Akacheka mpaka akakohoa. "Karibu, Mzigua. Sema shida, maana wewe huji kusalimia."

Nikamweleza. Hakunikatiza, na hilo lilinishangaza. Mwisho akauliza, "Plagi zina rangi gani?"

"Tatu nyeusi ya masizi. Ya nne nyeupe kama chokaa."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi kumi na mbili. Imeandikwa."

"Ulibadilisha plagi?"

"Mara mbili."

"Na mpya nayo ikawa nyeupe?"

"Ikawa."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikapanua jeti kwa sindano."

Akashika paji la uso. "Kasmiri. Kabureta ni moja, inawapikia wote wanne chungu kimoja. Watatu wameshiba mpaka wanatapika masizi. Mmoja ana njaa. Wewe unaongeza chakula chunguni! Huyo wa nne hanyimwi mafuta, anaingiziwa hewa ya wizi. Kuna tundu baada ya kabureta. Na ndiyo maana ukivuta choki, mafuta yakazidi hewa, anapata nafuu. Nipeleke kwenye gari."

Nikamshika mkono. Erasto akaleta waya na betri ya kituo, tukaiwasha kwa choki. Fabiani akaomba kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni, nyingine akawa anaipitisha taratibu juu ya injini, vidole vyake vinatangulia kupapasa. Akasimama. "Hapa. Sikiliza." Akanipa mpira.

Nikasikiliza. "Sisikii kitu."

"Hiyo sss."

"Sisikii."

"Weka sikio lingine."

Nikaweka. Injini inanguruma mbali, kama iko ng'ambo ya mto. Sss hakuna.

Akanisogelea. Halafu akasema taratibu, watu wengine wasisikie, "Tangu lini?"

"La kulia tangu mwaka juzi. La kushoto nalo linafuata."

"Mkeo anajua?"

"Hajui mtu."

"Mimi macho yameisha mwaka juzi huo huo," akasema. "Basi. Mimi nisikilize, wewe tazama. Lete maji ya sabuni, yenye povu zito, umwage kwenye kiungo cha manifoldi na kichwa cha injini, pale hewa inapoingilia kwenye silinda. Kidogo kidogo."

Nikamwaga kwenye ya kwanza, povu likakaa. Ya pili likakaa. Ya tatu likakaa. Kwenye ya nne povu likanyonywa ndani, lote, kama mtoto anayevuta uji. Na injini ikatulia! Sekunde tatu, nne, ikaenda kama cherehani. Kisha ikarudi kumisi.

"Umeona?" Fabiani akapiga kelele. "Nimeisikia imetulia! Umeona wewe?"

"Nimeona!" nikapiga kelele mimi. Wazee wawili tumeshikana mikono mbele ya kituo cha maziwa tunarukaruka. Erasto alitazama pembeni kwa heshima.

Injini ilipopoa tukafungua. Gaskiti inayoziba kiungo hicho, kwenye ya nne imeungua, imebaki kama mkate uliosahaulika motoni. Fabiani akanyoosha mkono, nikampa. Akaisugua kwa vidole.

"Boksi," akasema. "Hii ni karatasi ya boksi imechovywa oili. Mjinga gani anaweka boksi kwenye manifoldi?"

"Fundi mmoja wa Mkata."

Akaendelea kuipapasa kingo. "Huyo fundi wa Mkata hakati matundu kwa mkasi. Anaweka karatasi juu ya chuma na kugongagonga na nyundo ya kichwa cha duara mpaka kingo zinakatika zenyewe. Safi sana. Karakana nzima ya mkonge alikuwa mmoja tu anayekata hivi."

Alinisubiri.

"Ni mimi," nikasema. "Januari nilipoifungua kuchomelea bomba la moshi. Niliona ya dukani ni ya wavivu."

"Imekatwa vizuri," akasema Fabiani. "Lakini ni boksi."

Aprili 15

Nimelala kwa Fabiani. Erasto ametafuta gaskiti ya kweli na jeti nzima. Maziwa ya leo kikundi kimekodi gari ya mtu.

Aprili 16

Nimefunga kila kitu. Boliti nimekaza kwa kupokezana, kutoka katikati kwenda pembeni, Fabiani kakaa kwenye ndoo ananihesabia, "Nusu mzunguko. Nusu. Wacha hasira." Plagi zote nne sasa zina rangi ya tofali.

Aprili 17

Nimefika Korogwe saa mbili kasoro dakika kumi. Keni zote kumi na moja zimepita, na ya Siamanta imo. Mlima wa Segera nimepanda kwa gia ya tatu. Nimepita basi! Nimewapigia honi.

Siamanta amefurahi. "Mzee, gari imekuwa mpya." Hakuna aliyeuliza kitu. Mambo yamekaa sawa, karatasi zangu ziko kwenye jalada, hakuna atakayezifungua.

Nimemwambia Raheli juu ya masikio, ameshaanza kuniongelea upande wa kushoto, kumbe alikuwa anajua. Nikamweleza na habari ya gaskiti, tukacheka. Kisha akauliza, "Na yule mjane?"

Nikajifanya sijasikia. Akazunguka, akasimama upande wa kushoto, akauliza tena.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Kanisani. Mvua.

Aprili 19

Nilimwomba Siamanta aite akina mama wote, na Nasinkoi. Alisema Nasinkoi hatakuja, nikaenda kumchukua mwenyewe pale Mkata, na chupa zake za soda zikagongana njia nzima. Hakuniuliza anaitiwa nini. Alitazama mbele tu.

Nilivaa miwani ya Raheli. Nikawaambia, "Karatasi nilizowapa ni za uongo. Za kweli zimo humu." Nikafungua daftari hili. Kusoma mbele ya watu siyo kama kuandika peke yako. Nilisoma kwa kidole, neno neno. Machi saba, saa mbili na robo. Machi tisa, saa mbili na dakika arobaini. Machi kumi na tano, saa tatu kasoro kumi. Nyingine sikuziandika humu, nikasema kwa kichwa, na niliposahau nilisema nimesahau. Nikawaeleza kwamba keni ya kwanza kupakia ndiyo inayochoka kwanza. Nikawaeleza habari ya boksi.

Ya Siamanta sikuitaja. Nilifunga daftari.

Ndama wakalia nje. Mama yule aliyetaja ng'ombe wanne akasema, "Sasa mzee, siku ile tulipokuuliza?"

"Mliponiuliza nilikunywa chai," nikasema.

Siamanta akavua miwani yake. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Akasema, "Na mimi keni yangu iliganda tarehe kumi na moja. Nilimwomba mzee anyamaze. Nilijua sijachanganya, na bado sikuja kwako, Nasinkoi." Akainama.

Nasinkoi alimtoa mtoto mgongoni, akamketisha, akachukua muda kumfunga shanga za mkononi. Watu wakasubiri. Akasema, "Wiki tatu nimeuza maziwa yangu kwa watu wasionijua, na hakuna hata mmoja aliyeyakataa." Halafu akanigeukia. "Mzee, gari imepona?"

"Imepona."

"Kweli au ya karatasi?"

Wakacheka wote, nami nikacheka, na machoni kulikuwa na kitu, nadhani moshi.

Wakaamua nibaki, kwa shauri la Nasinkoi mwenyewe, maana alisema dereva mpya naye atakuwa na uongo wake mpya. Lakini wamenipokonya karatasi ya saa. Wamempa yeye. Hajui kusoma, ila tarakimu za simu anazijua zote. Atakaa mbele na mimi kila siku mpaka kituoni.

Aprili 22

Leo keni kumi na mbili. Zote zimepita. Tulipofika kituoni Nasinkoi akatoa simu, akaitazama, akachukua kalamu, akanakili tarakimu kama zilivyo. Saa mbili na dakika nne.

Nilimwambia, "Mama, dakika nne hizo nilipunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi wa watu. Andika mbili tu."

"Mbuzi hawamo kwenye karatasi, mzee," akasema, akaikunja akaitia shingoni mwake, chini ya shanga.